Baba, Dada na Herufi Inayoiga Mkono

Wasifu wa baba yangu uliposomwa siku ya mazishi nilikuwa nimeshika nakala yake mkononi, kurasa mbili zilizobanwa kwa pini moja kwenye kona. Tarehe zilikuwa sahihi. Majina ya wajukuu yalikuwamo yote, hakuna aliyesahaulika. Lakini kila nilipoyatupia macho yale maandishi nilihisi kama kuna mtu mwingine anazungumza, mtu mchangamfu, mwenye sauti ya kuwabembeleza watoto, aliyeingia uani bila kujua kwamba pana msiba. Karatasi ilikuwa imechapwa kwa Comic Sans.

Huenda jina hilo hulijui, ila herufi zenyewe unazijua. Ni zile za mviringo, zisizoshikana, mfano wa mtu mzima aliyechukua kalamu nene ya wino akaandika polepole ili mtoto aweze kufuata. Zimo kwenye kuta za madarasa ya awali, kwenye kadi za siku ya kuzaliwa, kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni kuomba watu wavue viatu.

Baba alikuwa karani. Alikuwa na mwandiko wa makarani wa zama zake, herufi zimelala kidogo kuelekea kulia, zimeshikana mikono tangu mwanzo wa neno hadi mwisho, na mkia wa y ukipita chini ya mstari kama kamba iliyolegezwa. Barua zake nilizitambua kwenye bahasha kabla sijasoma jina la mtumaji. Mtu aliyekuwa na mkono wake mwenyewe tukamuaga kwa mkono wa kuigiza. Hilo liliniuma, na sijaacha kuumia nikilikumbuka.

Binti aliyeichapa simlaumu. Ilikuwa usiku, steshenari ya mtaani, watu wa msiba wamesimama mlangoni wanamhimiza. Alichagua herufi aliyoiona inasomeka vizuri na wazee, na kwa hilo alikuwa sahihi: shangazi yangu, ambaye miwani yake ilikuwa imevunjika siku ile, aliisoma karatasi yote bila msaada. Tangu hapo nimekuwa nikizifuatilia herufi hizi. Nimefika mahali ambapo nisingefika kwa hasira peke yake. Naamini tunazitumia ovyo pale zisipotakiwa, na pale zinapotakiwa kwa dhati, kwenye macho ya mtoto anayejifunza kusoma, hatujazifikiria hata kidogo.

Herufi hizi zina mwenyewe. Vincent Connare, Mmarekani, alikuwa mwajiriwa wa Microsoft akitengeneza herufi za kompyuta. Mwaka 1994 alionyeshwa programu iliyokuwa bado jikoni, Microsoft Bob, iliyokusudiwa watu wanaoiogopa kompyuta. Ndani yake mlikuwa na mbwa wa katuni aitwaye Rover, kazi yake kumwelekeza mtumiaji. Maneno ya mbwa yalitokea ndani ya kiputo, nayo yaliandikwa kwa Times New Roman, herufi zilizotengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London na kuanza kutumika humo mwaka 1932. Connare aliliona kosa papo hapo. Mbwa wa katuni hasemi kwa sauti ya tahariri.

Ofisini alikuwa na vitabu vya katuni, The Dark Knight Returns na Watchmen, vyote vya miaka ya 1980, ambavyo maneno yake yameandikwa kwa mkono. Akavitazama, akavifunga, akaanza kuchora herufi zake mwenyewe kwa kipanya kwenye skrini. Sisi tuliolelewa na jarida la katuni la Sani tunamwelewa bila kufafanuliwa. Wahusika wake kama Lodi Lofa na Ndumilakuwili walizungumza kwa herufi zilizotoka kwenye kalamu ileile iliyowachora pua na viatu. Ungewapa herufi za gazeti, nusu ya kicheko ingekufa.

Kazi ya Connare ilichelewa. Viputo vya Bob vilikuwa vimekwisha kupimwa kwa Times New Roman, na herufi zake zilikuwa pana kuliko nafasi iliyotengwa. Bob ikatoka mwaka 1995 bila hizo, haikudumu sokoni, na leo wengi hawaikumbuki. Herufi zilipata njia nyingine: zikaingia kwenye programu ya watoto ya kutengenezea filamu za katuni, kisha kwenye furushi la nyongeza la Windows 95, kisha zikawa sehemu ya Windows yenyewe. Kompyuta zilizokuja kwetu baada ya hapo, mpya na za mitumba, zilikuja nazo tumboni. Hatukuziagiza. Tulizikuta kwenye orodha na tukazipenda, kwa sababu kati ya majina yote yale zilikuwa ndizo pekee zilizofanana na mtu.

Kisha ikaja chuki. Wasanifu wawili wa Indianapolis, Dave na Holly Combs, walianzisha kampeni ya kutaka zipigwe marufuku, baada ya kulazimishwa kuzitumia kwenye kazi ya jumba la makumbusho la watoto. Nimelitafakari hilo mara nyingi. Kazi iliyowakasirisha ilikuwa ya watoto, yaani mahali ambapo herufi zile zilikuwa na haki kuliko popote. Tarehe 4 Julai 2012, katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, mwanafizikia Fabiola Gianotti alisimama kueleza matokeo yaliyothibitisha kuwapo kwa chembe mpya, ile iliyotabiriwa tangu mwaka 1964 na kupewa jina la Higgs. Slaidi zake zilikuwa za Comic Sans. Dunia inaelezwa jambo kubwa kuhusu maada, na watu wengi mno siku ile walikuwa wanazungumzia fonti. Kwangu slaidi zile zilikuwa zimejaa kupita kiasi, na zingeendelea kujaa hata kwa herufi nyingine. Lakini dharau ile ilinifundisha kitu. Anayeicheka Comic Sans mara nyingi humcheka aliyeichagua: mwalimu wa chekechea, mhudumu wa zahanati, mama wa kikundi cha kuweka na kukopa anayeandika taarifa ya kikao. Watu hawa wanachotaka ni kutoonekana wakali kwa wanaowaandikia. Hayo ni matakwa ya kiungwana, na yeyote anayetaka kuwasahihisha aanze kwa kuyaheshimu.

Mimi aliyenisahihisha ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwaka alioanza darasa la kwanza.

Nilimkalisha mezani na kitabu cha hadithi nilichomnunulia mimi mwenyewe, kizuri, chenye picha za rangi. Akasoma irabu zote bila shida kwenye daftari lake. Kwenye kitabu akakwama neno la kwanza. Aliweka kidole juu ya herufi, akanitazama. "Mjomba, hii ina kofia. Ni nini?" Ilikuwa a.

Nilikuwa sijawahi kuiona. Nimesoma miaka yangu yote na sikuwahi kutambua kwamba tuna a mbili. Ile ya ubaoni, anayoandika mwalimu kwa chaki na mtoto kwa penseli, ni duara na kijiti ubavuni. Ile ya vitabu na magazeti, ikiwamo unayoisoma sasa hivi, mara nyingi ina paa lililopinda juu ya tumbo dogo. Sisi watu wazima tumezizoea zote mbili hadi tunaona moja. Mtoto anaona mbili, na ana haki, kwa sababu ni mbili.

Sasa fikiria lugha yetu. Katika Kiswahili hakuna herufi inayotokea mara nyingi kuliko a. Tafuta sentensi yoyote uhesabu: wanakaa, tafadhali, karatasi, mama anapika. Mtoto wa Kiingereza akipewa a yenye kofia, anajikwaa hapa na pale. Mtoto wa Kiswahili anajikwaa karibu kila neno, wakati mwingine mara tatu ndani ya neno moja. Tumemfundisha kufungua mlango kwa ufunguo mmoja, halafu tukabadilisha kitasa cha nyumba nzima.

Tulipovuka a tukafika kwenye shida iliyo kubwa zaidi. Mpwa wangu alisoma kwa sauti kwamba dada amerudi kazini na panga begani. Nilitazama kitabu. Aliyerudi alikuwa baba.

Katika fonti nyingi, b ni d iliyotazamwa kwenye kioo. Tumbo lilelile, kijiti kilekile, upande tu ndio tofauti. Kwa mtu mzima hilo halina uzito. Lakini mtoto wa miaka sita ametumia maisha yake yote kujifunza kwamba kitu hakibadiliki kikigeuzwa. Kikombe ni kikombe, mpini wake uelekee kushoto au kulia. Mbuzi ni mbuzi, aende machungani au arudi. Herufi ndicho kitu cha kwanza kinachomwambia kwamba ukinigeuza nina jina jingine. Na sisi, kwa bahati ya lugha yetu, tumeweka mtego huo kwenye maneno ya mwanzo kabisa anayokutana nayo. Geuza b zote mbili za baba, umepata dada. Hakuna picha inayoweza kumsaidia akiwa hajui atazame nani.

Siku ileile jioni nilichapa sentensi zilezile kwenye kompyuta kwa fonti tofauti tofauti, nikazikuza nikazilinganisha. Herufi nilizokuwa nimezichukia tangu msibani ndizo zilizonijibu vizuri kuliko nyingine zilizokuwamo. A ya Comic Sans haina kofia. I kubwa ina vijiti juu na chini, kwa hiyo haichanganyiki na l. Na kwa sababu ilichorwa kwa mkono usionyooka, b na d zake hazifanani kama mtu na taswira yake. Tumbo la moja lina mkunjo ambao mwenzake hana. Connare alikuwa anamtafutia mbwa sauti. Bila kukusudia akawapa watoto alama za kushika.

Chama cha disleksia cha Uingereza kinaitaja Comic Sans kati ya herufi zinazopendekezwa kwa wasomaji wenye hali hiyo, ambayo humfanya mtu mwenye akili timamu ahangaike kutambua maneno yaliyoandikwa. Wataalamu hawajakubaliana kuhusu umbo la herufi lenyewe. Lililoonekana vizuri ni suala la nafasi: utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliofanywa kwa watoto wenye disleksia wa Italia na Ufaransa, ulionyesha kwamba herufi zikiachanishwa zaidi watoto hao walisoma haraka na kwa makosa machache. Ninaposoma hilo nayafikiria maneno yetu marefu. Neno kama hawatatuandikisha ni sentensi nzima iliyofungwa mzigo mmoja, na mchapaji anayelibana ili liingie kwenye mstari anamfungia mtoto njia.

Wapo waliolifanya jambo hili kwa makusudi. Rosemary Sassoon, mtaalamu wa mwandiko wa Uingereza, miaka ya 1980 aliwauliza watoto wenyewe ni herufi zipi wanapendelea kusoma, kisha akatengeneza fonti iliyopewa jina lake, yenye vijikia mwishoni mwa herufi vinavyolishikilia neno lisitawanyike. Kuuliza watoto! Hatua rahisi kiasi hicho, na bado sijakutana na mchapishaji aliyeniambia ameipitia kabla ya kuamua fonti ya kitabu cha darasa la kwanza.

Nisije nikaonekana nimeongoka nikaanza kuhubiri upande wa pili. Herufi za kuiga mkono zina kasoro ya asili, nayo kwetu hufichuka mapema kuliko kwa wengine. Mkono wa kweli hauandiki a mbili zinazofanana. Kalamu huchoka, wino hupungua, herufi inayofuata huivuta iliyotangulia. Kompyuta hurudia a ileile, mkunjo uleule, kama muhuri. Chukua kadi ya harusi yenye neno Tunawakaribisha kwa herufi za maringo. Lina a nne. Jicho likifika kwenye ya tatu limekwisha kugundua kwamba hakuna mkono hapa, na ule ukaribu uliokusudiwa unageuka kuwa sare ya kukodi. Wasanifu waangalifu wanalijua hilo. Roger Excoffon, Mfaransa, alipotoa fonti ya Mistral mwaka 1953 akifuata mwandiko wake mwenyewe, alitumia akili nyingi kuhakikisha vipande vya risasi vilivyotengana vinashikana vikipangwa, iwe herufi gani imekaa na gani. Siku hizi zipo fonti zenye a tatu au nne ndani, na kompyuta huzibadilisha kadiri neno linavyokwenda. Kwa Kiswahili ningesema hizo ndizo pekee za kununua.

Na kuna mahali ambapo sitaki kuziona kabisa. Barua ya kumwachisha mtu kazi. Maelezo ya namna ya kumeza dawa yenye sumu ikizidi. Taarifa ya ada iliyopanda, ambapo sauti ya upole humfanya mzazi ahisi anachezewa. Wasifu wa marehemu. Sehemu hizo zinadai sauti iliyosimama wima, na fonti ya kawaida iliyotulia inafanya kazi hiyo kwa heshima. Anayetaka mkono uonekane msibani, aombe mwanafamilia aandike jina la marehemu kwa kalamu juu ya ukurasa wa kwanza, kisha karatasi itolewe nakala. Inachukua dakika moja. Laiti mtu angeniambia siku ile. Bahasha za baba zilikuwa kabatini, na jina lake lilikuwamo kwa mkono wake.

Nikiwaza kuhusu ukaribu naikumbuka kanga. Hakuna maandishi yetu yanayoingia ndani ya maisha ya watu kuliko yale: yanafunga mtoto mgongoni, yanamjibu jirani, yanamwambia mume kisichosemeka mezani. Na yameandikwa kwa herufi kubwa, nyoofu, zilizopangwa ndani ya kisanduku kama anwani ya ofisi. Zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kilatini, na bado hayakuhitaji kuigiza mwandiko ili yasikike kama yametoka moyoni. Maneno yenyewe ndiyo yenye mkono. Kwa hiyo mtu anayeniuliza fonti gani italifanya tangazo lake liwe la kirafiki, humwomba kwanza anisomee tangazo. Tangazo lenye amri saba na vitisho viwili haliponi kwa herufi za mviringo.

Kwa mtoto anayeanza, hata hivyo, maneno hayawezi kujitetea, maana bado hajayafikia. Yeye ana umbo tu. Ndiyo maana kwake ningependa tuwe wakali sana.

Wakati nikitafuta nilikutana na fonti ambayo jina lake lilinisimamisha. Inaitwa Andika. Ilitengenezwa na shirika la SIL, linalofanya kazi za lugha na kusoma katika nchi nyingi, mahsusi kwa wanaojifunza kusoma, na jina lake lilichukuliwa kwenye Kiswahili, kitenzi chetu kilekile ambacho mwalimu hukitoa kama amri. A yake ni duara na kijiti. I kubwa, l na 1 kila moja ina sura yake. Inatolewa bure, kwa leseni inayomruhusu yeyote kuitumia, kuigawa na kuichapisha vitabuni. Haichekicheki kama Comic Sans wala haijidai kuandikwa kwa kalamu. Imechukua kutoka kwenye mkono kile tu anachokihitaji msomaji mchanga, ikaacha mengine. Lugha yetu imetoa jina, na katika steshenari zote nilizoingia tangu nilipoijua nimekuta Algerian, nimekuta Arial, na katikati ya hayo majina mawili, pale ambapo alfabeti ingeiweka Andika, hapana kitu.

Kwa hiyo nikaibeba kwenye flashi. Binti wa steshenari, siyo yule wa msiba, aliisakinisha huku wateja wawili wakisubiri kutoa kopi za vitambulisho. Nikamwomba achape maneno mawili kwa ukubwa wa kiganja, nafasi ya kutosha kati ya herufi, kwenye karatasi ngumu ya manila. Akachapa baba. Akachapa dada. Alizitazama kadi mbili zilivyotoka kwenye printa, akaziinua kwenye mwanga, akaniuliza kama angeweza kubaki na ile fonti, ana mdogo wake yuko darasa la pili.

Nyumbani mpwa wangu alikaa sakafuni na kadi zake. Hakuniuliza kuhusu kofia. Alipitisha kidole kwenye tumbo la b, kisha la d, akarudia, midomo ikitembea bila sauti. Aliiweka baba juu ya mkeka, dada chini yake. Kisha akainua uso.

"Mjomba, na mama yuko wapi?"

Nikavaa viatu nikarudi steshenari kabla hawajafunga.